Kampuni ya mikopo imekuwa benki, hisa zimepanda: niongeze au nitulie?

Swali la msomaji:

"Nina hisa chache za kampuni ya mikopo ambayo mwezi uliopita imepewa leseni ya kuwa benki kamili. Tangu habari itoke, bei ya hisa imepanda kwa asilimia 40. Tuko wanane katika kikundi chetu cha uwekezaji, na wenzangu wanataka tuongeze kabla bei haijakimbia zaidi. Mimi nina akiba ya miaka sita niliyoiweka pembeni. Naogopa kuchelewa, na naogopa pia kuingia vibaya, kwa sababu hesabu za benki sizijui. Niingize akiba yangu, nisubiri, au niuze nilizo nazo? Na je, nikifungua akaunti kwenye benki hiyo hiyo, fedha yangu iko salama?"

Jibu:

Dada yangu, nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Akiba ya miaka sita usiiingize. Hisa ulizo nazo usiziuze zote kwa pupa. Ukiamua kuongeza, ongeza kidogo, ukijua kwamba benki hii karibu kwa hakika itarudi kwa wanahisa wake kuomba mtaji mwingine kabla haijaanza kuwalipa gawio. Hili la mwisho ndilo nataka ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa. Nimeona watu waangalifu, wanaosoma taarifa ukurasa kwa ukurasa, wakiumia kwa kulisahau hilo moja tu.

Tuanze na leseni, maana ndiyo iliyowasha moto huu. Mdhibiti anapolipima ombi la leseni, anayemfikiria ni mwenye amana, yaani aliyeweka fedha yake benki. Anataka kujua kama mtaji wa kuanzia umelipwa kweli, kama wakurugenzi ni watu wa kuaminika, kama kuna mfumo wa kutunza fedha za watu bila kuzichanganya. Kama mwenye hisa atapata faida au hatapata, hilo halimo katika maswali yake. Tena sheria imemweka mwenye hisa mstari wa mbele kwa makusudi: mkopo usiporudi, kinacholiwa kwanza ni mtaji, na mtaji ndiyo fedha yako. Wenye amana na wadai wengine wamekaa nyuma yako, wewe ndiye ngao yao.

Leseni zenyewe pia hazilingani. Uingereza, kwa mfano, benki mpya inaweza kupewa leseni yenye vizuizi: katika kipindi cha maandalizi ambacho kwa kawaida ni miezi 12, amana zote inazoruhusiwa kushika, benki nzima, hazizidi pauni 50,000. Revolut, kampuni ya huduma za fedha kwa simu yenye wateja mamilioni, ilipopata leseni ya Uingereza Julai 2024 ilianzia hapo hapo. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kampuni yako ni hili: leseni ni kamili na imeanza kufanya kazi, au ni kibali cha awali chenye masharti ya kutimizwa kwanza? Kati ya kibali cha awali na siku benki inapofungua mlango unaweza kupita mwaka na zaidi, na muda wote huo kampuni inalipa mishahara ya watu wa benki bila kupata mapato ya benki.

Na hata leseni kamili huja na masharti yanayoweza kukuuma baadaye. Nitakupa mfano wa India kwa sababu unafanana na wako. Bandhan ilikuwa taasisi ya mikopo midogo midogo, hasa kwa wanawake wa mashariki mwa nchi. Mwaka 2014 ilipata kibali cha awali, Agosti 2015 ikafungua kama benki, na Machi 2018 ikauza hisa kwa umma kwa rupia 375. Biashara ilikuwa nzuri na faida ilikuwepo. Lakini leseni ilikuwa na sharti kwamba ndani ya miaka mitatu waanzilishi wawe wamepunguza umiliki wao hadi asilimia 40, nao bado walikuwa na zaidi ya asilimia 80. Mwishoni mwa Septemba 2018 Benki Kuu ya India ikawazuia kufungua matawi mapya bila idhini na ikagandisha mshahara wa mkurugenzi mkuu. Siku ya kwanza ya soko baada ya habari hiyo, hisa zilishuka kwa karibu asilimia 20. Hakuna mkopo ulioharibika siku ile. Ni sharti tu, ambalo lilikuwa limeandikwa wazi muda wote. Na mwaka 2024, miaka sita baada ya kuorodheshwa, hisa hiyo ilikuwa bado inauzwa chini ya rupia 375. Sehemu ya masharti ya leseni katika waraka wa matarajio, ule unaotolewa hisa zinapouzwa kwa umma, inachosha kusoma, najua, lakini isome.

Sasa nije kwenye kile nilichosema ukishike.

Benki haikui kama duka. Duka likiuza sana, mauzo yenyewe yanaleta fedha ya kununua bidhaa zaidi. Benki ikikopesha sana, inahitaji mtaji zaidi, maana mdhibiti anataka kila mkopo uwe na kiasi fulani cha fedha ya wenye hisa nyuma yake. Kanuni za kimataifa za Basel zinaweka kiwango cha chini cha mtaji wote kuwa asilimia 8 ya mali zilizopimwa kwa hatari zake (yaani mikopo na mali nyingine, kila moja ikihesabiwa kwa uzito wa hatari yake), na juu yake akiba ya tahadhari ya asilimia 2.5, jumla asilimia 10.5. Nchi nyingi zinadai zaidi ya hapo. Benki kongwe inapata mtaji huo kutoka kwenye faida yake. Benki changa haina faida, au inayo kidogo, na wakati huo huo inataka kukua haraka ili gharama za mifumo na matawi zipate wa kuzibeba. Mtaji utoke wapi? Kwako.

Chukua kalamu tufanye hesabu, ni ndogo tu. Benki ina mtaji wa 100 na hisa 100, kwa hiyo kila hisa ina thamani ya 1 vitabuni. Mali zake zilizopimwa kwa hatari ni 800, uwiano wa mtaji ni asilimia 12.5, na kila mtu anafurahi. Mwaka wa kwanza mikopo inakua kwa asilimia 30, mali zinafika 1,040. Mwaka huo huo benki inapata hasara ya 6, jambo la kawaida kabisa kwa benki mpya. Mtaji sasa ni 94. Gawanya kwa 1,040: asilimia 9 hivi. Benki imeshuka chini ya 10.5 bila kufanya kosa lolote kubwa. Imekua tu kama ilivyowaahidi wanahisa. Ili irudi mahali pake inahitaji mtaji wa karibu 109, maana yake itafute 15.

Hapa ndipo bei ya hisa inapoamua hatima yako. Soko likiwa bado linaipenda benki na hisa inauzwa mara mbili ya thamani yake ya vitabuni, yaani 1.88, benki itatoa hisa mpya 8 tu, na thamani ya vitabuni ya kila hisa itapanda kidogo hadi 1.01. Umepunguziwa sehemu yako, lakini hujapoteza kitu. Soko likiwa limeichoka na hisa inauzwa nusu ya thamani ya vitabuni, yaani 0.47, benki italazimika kutoa hisa mpya 32. Aliyekuwa na asilimia 1 ya benki anabaki na robo tatu ya asilimia, na thamani ya kila hisa inashuka hadi 0.83. Benki ni ile ile, mikopo ni ile ile, hasara ni ile ile. Kilichobadilika ni siku ambayo mtaji uliombwa.

Sasa uone jambo hilo likitokea kwa benki halisi. Metro Bank ya Uingereza ilipata leseni mwaka 2010, na magazeti yakaandika kwamba ndiyo benki mpya ya kwanza ya mitaani nchini humo baada ya zaidi ya miaka 100. Matawi yake yalikuwa yakifunguliwa siku saba kwa wiki, na wateja waliipenda kweli. Iliorodheshwa sokoni Machi 2016 kwa pauni 20 kwa hisa, na mwaka 2018 ilivuka pauni 40. Januari 2019 ikatangaza kwamba baadhi ya mikopo, ikiwemo ile ya majengo ya biashara, ilikuwa imepewa kipimo kidogo cha hatari kuliko kinachostahili, na kwamba mali zilizopimwa kwa hatari zilipaswa kuongezwa kwa takriban pauni milioni 900. Siku ile hisa zilianguka kwa asilimia 39. Mei mwaka huo ikauza hisa mpya kwa pauni 5 ili kukusanya pauni milioni 375. Oktoba 2023 ikarudi tena, na safari hii hisa mpya ziliuzwa kwa peni 30. Pauni milioni 150 kwa bei ya peni 30 ni hisa milioni 500, zikamwagwa juu ya hisa milioni 170 na ushei zilizokuwepo. Mwekezaji mmoja, bilionea wa Colombia Jaime Gilinski, akaishia na zaidi ya nusu ya benki.

Mwenye amana wa Metro Bank hakupoteza hata peni. Benki haikufungwa, matawi yaliendelea kufanya kazi, na baadaye hisa zile za peni 30 zilivuka pauni moja, kwa hiyo walioingia siku ile walivuna. Aliyenunua kwa pauni 20 mwaka 2016 na akakaa kimya, yeye alilipia ujenzi wa benki ambayo sehemu kubwa imekwenda kwa wengine. Ndiyo maana ukiniuliza "benki hii itafanikiwa?" nakujibu kwamba swali hilo halitoshi. Benki inaweza kufanikiwa, na mwanahisa wake wa kwanza asione kitu.

Na zipo ambazo hazifiki hata huko. Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki ndogo tano kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Mwenye hisa katika hali kama hiyo analipwa wa mwisho, baada ya wadai wote, na mara nyingi hakuna kinachobaki.

Basi utazame nini katika hesabu, wewe usiyezijua? Vitu vitatu, lakini nitakaa zaidi kwenye kimoja.

Kwanza, amana. Watu hutazama amana zimekua kwa kiasi gani. Wewe tazama zimenunuliwa kwa bei gani. Benki inayojua kazi yake ina amana nyingi za akaunti za hundi na za akiba, fedha ya mishahara na ya biashara ndogo ndogo, inayokaa pale kwa sababu ya urahisi na wala haidai riba kubwa. Benki mpya haina hiyo. Inaanza kwa kuzifuata fedha za muda maalumu kwa kuwapandishia riba mashirika na watu wenye fedha nyingi, na fedha ya namna hiyo huondoka siku riba inaposhuka. Ukiona riba ya amana ya benki yako imebandikwa juu kuliko ya wengine wote, mteja anashangilia, lakini mwenye hisa anapaswa kukunja uso. Benki ya IDFC ya India, iliyotokana na kampuni ya kukopesha miundombinu, iliteseka na jambo hili miaka yake ya mwanzo. Ilipoungana na kampuni ya mikopo ya Capital First Desemba 2018, akaunti za hundi na za akiba zilikuwa chini ya asilimia 10 ya amana zake. Iliwachukua takriban miaka miwili ya kazi ngumu kuzifikisha karibu nusu, na katikati ya safari hiyo waliuza hisa mpya. Katika taarifa ya mwaka ya benki yako tafuta mistari miwili: mgawanyo wa amana kwa aina zake, na sehemu inayoshikwa na wenye amana wakubwa 20. Kama hao 20 wameshika nusu ya amana zote, elewa kwamba benki nzima iko mikononi mwa watu wanaoweza kukaa kwenye chumba kimoja.

Pili, mikopo, na hapa niruhusu niseme kwa kirefu, maana ndiko nilikofanyia kazi.

Mkopo mpya hauna ubaya. Uliotolewa mwezi uliopita hauwezi kuwa umeshindikana, kwa sababu marejesho yake ndiyo kwanza yanaanza. Mikopo huanza kuonyesha rangi yake baada ya mwaka mmoja na nusu, miwili. Kwa hiyo benki changa inayokua haraka itakuwa daima na uwiano mzuri wa mikopo chechefu, ile isiyolipwa, kwa kuwa mikopo mipya inaifunika ile ya zamani. Mfano: mwaka jana mikopo ilikuwa 100, chechefu 3, uwiano asilimia 3. Mwaka huu mikopo ni 160, chechefu 5, uwiano asilimia 3.1. Mwenyekiti atasimama kwenye mkutano mkuu na kusema ubora wa mikopo haujabadilika. Wewe chukua ile 5 ya mwaka huu uigawe kwa 100 ya mwaka jana, maana hiyo ndiyo mikopo iliyopata muda wa kuharibika. Unapata asilimia 5. Hesabu hii ya mstari mmoja imenisaidia kuliko ripoti nyingi za wachambuzi.

Nilikuwa ofisa mikopo katika benki iliyokuwa na miaka mitatu tu tangu ifunguliwe. Jina lake si muhimu. Kulikuwa na mteja mwenye malori manne. Mawili yaliharibika, marejesho yakasimama. Mkopo ukifikisha siku 90 bila kulipwa unaingia kwenye orodha ya chechefu, na ule wa kwake ulikuwa na siku 85 ilipofika Ijumaa ya mwisho wa robo mwaka. Saa mbili usiku bado tulikuwa ofisini. Nikaagizwa niandae mkopo mwingine mdogo kwa mteja yule yule, uitwe wa matengenezo. Fedha ikaingia kwenye akaunti yake saa mbili na nusu, na dakika chache baadaye ikatoka kulipia malimbikizo ya mkopo wa kwanza. Jumatatu faili lilikuwa safi. Mteja hakuja hata kusaini akiwa ameelewa vizuri alichosaini. Miezi tisa baadaye malori yote manne yalikuwa yamesimama, na deni lilikuwa kubwa kuliko siku tulipoanza kumfichia. Nilisaini fomu ile na jambo hilo bado linaniuma. Nakusimulia ili ujue kwamba unaposoma "asilimia 3", nyuma yake kuna Ijumaa za namna hiyo, na benki inayosukumwa kukua ndiyo yenye nyingi.

Huwezi kuziona Ijumaa hizo ukiwa nje, lakini nyayo zake unaziona. Tafuta katika maelezo ya hesabu mstari wa mikopo iliyopangiwa upya masharti. Ukiona unakua haraka kuliko mikopo yenyewe, jiulize. Tazama pia riba iliyoandikwa kama mapato lakini haijapokelewa taslimu. Na tangu kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IFRS 9 ianze kutumika mwaka 2018, benki inatakiwa kutenga fedha kwa ajili ya hasara inayotarajiwa, bila kusubiri itokee, na mikopo imegawanywa katika hatua tatu. Wengi wanatazama hatua ya tatu, ile iliyokwisha kuharibika. Hatua ya pili ndiyo inayosema kesho, kwa sababu humo mna mikopo ambayo benki yenyewe inakiri kwamba hatari yake imepanda sana tangu itolewe.

Kuna la kampuni yako hasa. Ilikuwa ikikopesha kwa fedha ya kukopa, kwa riba kubwa, na huenda ilikuwa inapata faida nzuri. Usichukue faida ile ukaipeleka mbele kana kwamba itaendelea. Ikishakuwa benki, sehemu ya amana inawekwa benki kuu bila faida au kwa faida ndogo, sehemu nyingine inakaa kwenye hatifungani za serikali, na gharama za mifumo, ulinzi wa taarifa, ukaguzi na watu wa kusimamia sheria zinakuja zote pamoja. Faida ya mwaka wa kwanza na wa pili ikishuka, si lazima iwe dalili mbaya. Ikipanda sana mwaka wa kwanza wa benki, hapo mimi ningeuliza maswali.

Tatu, bei. Asilimia 40 katika wiki chache imetokana na hisa ngapi zilizobadilishana mikono? Muulize dalali wako akupe idadi ya hisa zilizouzwa kila siku tangu habari itoke. Mara nyingi utakuta hisa za kampuni ndogo zimepandishwa na mauzo machache sana, kwa sababu waliokuwa nazo wameshikilia na wanunuzi wawili watatu wana haraka. Bei ya aina hiyo ni ya kutazama tu. Siku kikundi chenu cha watu wanane kitakapotaka kutoka kwa pamoja, hakitaikuta. Uliza pia waanzilishi wamefungiwa kuuza hadi lini. Tarehe ya kufunguliwa iandike kwenye kalenda yako.

Halafu gawanya bei kwa thamani ya vitabuni ya hisa moja. Tuseme unapata 3, yaani unalipa 3 kwa kila 1 ya mtaji. Tuseme pia mambo yakienda vizuri kabisa benki itapata faida ya asilimia 15 kwa mtaji wake, kiwango ambacho benki nyingi nzuri zingekifurahia. Kwa fedha uliyotoa wewe, hiyo ni asilimia 5, tena baada ya miaka kadhaa ya kusubiri. Linganisha na hatifungani ya serikali leo, kisha uamue kama unalipwa kwa hatari unayobeba.

KakaoBank ya Korea Kusini ndiyo inayonisaidia kueleza jambo hili kwa watu wenye imani kubwa na kampuni nzuri. Ilianza kazi Julai 2017, ikapata faida kufikia 2019, kasi ambayo ni nadra kwa benki mpya. Iliorodheshwa Agosti 2021 kwa woni 39,000, na siku ile ile thamani yake sokoni ikalipita kundi kubwa la kifedha la KB, lenye mali nyingi mara kadhaa kuliko yake. Mwezi huo huo ilivuka woni 90,000. Oktoba 2022 ilikuwa chini ya 20,000. Katika kipindi chote hicho benki ilikuwa inapata faida na wateja wanaongezeka. Waliopoteza hawakukosea kuhusu benki. Walikosea kuhusu bei.

Sasa, ufanye nini? Mimi ningekuwa wewe ningefanya hivi.

Kwa kuwa hisa zako zimepanda, ningeuza kiasi tu, walau theluthi, zaidi kama zimekuwa sehemu kubwa ya mali yako. Zinazobaki ningezishika, kwa sababu una faida ambayo wanaoingia leo hawana: umeingia kabla ya bei kupanda.

Akiba ya miaka sita ningeiacha ilipo. Kama kweli unaiamini benki hii, tenga kiasi ambacho kikipotea chote hakitakuvurugia maisha, na hicho nacho kigawe sehemu tatu. Moja inunue sasa au baada ya taarifa mbili tatu za robo mwaka, bei ikitulia. Mbili zikae tayari kwa toleo la hisa mpya, kwa sababu litakuja. Linapokuja, wanahisa waliopo mara nyingi hupewa nafasi ya kwanza, kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni, na muda wa kulipa huwa ni wiki chache tu. Mwenye fedha mkononi analinda sehemu yake. Asiye na fedha anatazama sehemu yake ikipungua, au anauza haki yake kwa bei ya shida. Mtu ambaye hana fedha ya toleo la pili, kwa maoni yangu, bado hana fedha ya kununua la kwanza.

Wenzako wa kikundi waambie mkubaliane mapema, kwa maandishi, nini kitafanyika siku benki itakapoomba mtaji. Nani atachanga, nani hatachanga, na hisa za asiyechanga zinahesabiwaje. Nimeshuhudia marafiki wa miaka mingi wakigombana juu ya hili kuliko juu ya hasara yenyewe. Kama hamwezi kukubaliana leo wakati bei inapanda na kila mtu ana furaha, hamtaweza siku bei imeanguka.

Usikimbilie pia kuogopa kuchelewa. Benki nzuri ni biashara ya miaka 20. Aliyesubiri hesabu mbili za mwaka zilizokaguliwa, akaona amana za bei nafuu zinaongezeka, mikopo ya mwaka wa kwanza imerudi, na mtaji umeombwa mara moja kwa bei ya heshima, huenda atalipa zaidi kidogo kwa hisa. Lakini atakuwa ananunua benki iliyokwisha kuonyesha kazi yake, na wewe leo ungekuwa unanunua matumaini.

Kuhusu akaunti, hilo ni jambo jingine kabisa na jibu lake ni jepesi. Nchi nyingi zina bima ya amana yenye kikomo: Umoja wa Ulaya ni euro 100,000 kwa mwenye amana katika kila benki, Marekani ni dola 250,000, na kila nchi ina chake. Uliza kikomo cha kwenu ni kiasi gani, uliza kama benki yako imeshaingizwa rasmi kwenye bima hiyo, na usiweke zaidi ya hapo. Ukiwa ndani ya kikomo, fungua akaunti bila wasiwasi. Itakufaa hata kama mwanahisa: utajua kama programu yao ya simu inakwama siku za mishahara, kama anayepokea simu anajua kazi yake, na kama wanakupigia kila wiki kukuomba uhamishie kwao amana ya muda maalumu kwa riba ya juu kuliko ya wengine. Wakikupigia hivyo mara tatu kwa mwezi, rudi kwenye mstari ule wa amana kabla hujanunua hisa nyingine.